Ubelgiji: jambo lipi ni la waziri yupi?

Swali, kutoka Liège
Ndugu zangu, tunahamia Ghent na watoto. Shahada ya ualimu ya Lubumbashi imeshatambuliwa huku. Je, inatosha kule? Na nikikwama, nimwandikie waziri gani?

Jibu, kutoka Antwerp
Haitoshi, ndugu. Elimu Ubelgiji iko chini ya jumuiya za lugha, na karatasi uliyopewa na Jumuiya ya Kifaransa nguvu yake inaishia huko huko. Flanders, mkoa wa Kiholanzi uliko Ghent, unaanza upya, kwa NARIC-Vlaanderen, ofisi inayotambua shahada za nje. Usimlipe mtafsiri, nyaraka za Kifaransa wanazisoma zilivyo. Weka shahada pamoja na alama za kila mwaka na orodha ya masomo. Mwenye shahada tupu huandikiwa kuongeza karatasi, na faili linalala. Halafu Kiholanzi: kufundisha, kwa kawaida wanadai C1, yaani kiwango cha juu cha lugha. Anza lugha hata kabla ya kufunga mizigo.

Kuhusu waziri, Flanders wameunganisha mkoa na jumuiya, kwa hiyo serikali ni moja. Sheria inaruhusu mawaziri wasiozidi 11, mmoja wao angalau wa Brussels. Serikali iliyoapa mwaka 2024 ina 9, waziri kiongozi akiwa Matthias Diependaele. Elimu na kazi vyote viko kwa Zuhal Demir, na kozi za uraia na ujumuisho kwa Hilde Crevits. Ninyi mnaotoka Wallonia, mkoa uliko Liège, mmezoea serikali mbili, ya mkoa Namur na ya jumuiya yenye shule, msizitafute kule.

Jibu, kutoka Brussels
Naongeza hapo. Barua kwa waziri ni njia ndefu. Kabineti ya waziri hapa maana yake ni washauri wake wa kisiasa, na hao hawagusi faili lako. Faili liko kwenye idara. Piga 1700 kwanza, ni simu ya habari ya serikali ya Flanders. Wallonia ni 1718. Ukikataliwa, soma mwisho wa barua: muda wa rufaa na pa kuipeleka vimeandikwa pale. Wengi huupoteza muda huo wakisubiri jibu la waziri.

Posho ya watoto hufuata anwani ya mtoto, basi mkihamia Ghent mnaingia kwenye Groeipakket, posho ya watoto ya Flanders. Jiandikisheni komini, yaani manispaa, mapema, maana bila anwani mpya hakuna kinachosogea.

Nyumba pia ni ya mkoa. Dhamana ya kupanga Flanders inafika kodi ya miezi 3, kwa hiyo mwenye nyumba akidai mitatu hajavunja sheria.

Jibu, kutoka Antwerp
Na kibali cha kazi, kwa atakayemleta ndugu: mwajiri ndiye anayeomba. Mkoa unaamua upande wa kazi, serikali kuu upande wa kukaa, kisha kibali kinatoka kimoja. Kwa hiyo "mkoa umekubali" bado si ruhusa ya kukata tiketi. Uraia, viza na kadi ya ukaazi ni vya serikali kuu, hata kama dirisha ni la komini. Waziri wa Flanders hapo hana la kufanya, hata mkimwandikia kwa Kiholanzi safi.