Mrejesho: Fidia ya binti yetu aliyeumia ubongo

Niliuliza kama ingekuwa busara kupokea fidia ya mkupuo mmoja kwa ajili ya binti yetu, aliyeumia ubongo akiwa na miaka 2. Tulifuata ushauri wa kutoharakisha, na ulitufaa, kwa kuwa matatizo ya kumbukumbu yalijitokeza wazi alipoanza shule, ilhali ripoti ya kwanza iliyagusia kwa sentensi moja tu.

Mtaalamu wa kutathmini matunzo alishinda nyumbani kwetu, akihesabu hata mara tunazoamka usiku kumgeuza. Kazi hiyo, ambayo mimi na mama yake hatukuwahi kuiita kazi, imeingizwa katika madai. Gharama za mwaka za mhudumu, tiba ya viungo na vifaa vinavyobadilishwa kadiri anavyokua huzidishwa kwa kigezo kinachozingatia miaka anayokadiriwa kuishi pamoja na faida ambayo fedha ikiwekezwa itazaa. Ubishi mkali ulikuwa kwenye miaka hiyo, jambo lililotuumiza kulisikiliza. Ndiyo maana tumechagua matunzo yalipwe kila mwaka maisha yake yote, na mkupuo ubaki kwa marekebisho ya nyumba. Sasa tunasubiri idhini ya mahakama.