Goti la Yaya Furaha

Kikundi: FAMILIA KADUTU–NGUBA

Yaya Furaha: Jambo yenu bote. Goti langu la kuume linaniuma tangu juma lililopita. Si sana. Kupanda hakuna shida, lakini nikishuka mbio huku Bukavu, toka Kadutu kwenda Nyawera, ndipo ninalisikia. Na mbio sitaki kuacha.

Mama Nsimire: Acha kukimbia, mwanangu. Wewe si mutoto tena.

Papa Deo: Pakaa mawese ya moto, funga na kitambaa, lala. Mimi nilicheza mupira miaka yote na sikujua daktari.

Murhula: Papa Deo, leo unashuka ngazi ukishikilia ukuta 😂

Papa Deo: Hiyo ni mambo ingine.

Murhula: Yaya, linauma wapi? Mbele, pembeni ao nyuma?

Yaya Furaha: Mbele, kuzunguka pia ya goti, ule mufupa wa mviringo wa juu ya goti. Na nikikaa sana kwenye gari, nikisimama linakuwa gumu.

Murhula: Limevimba? Linakwama, ao linakuachia ukitembea? Ulianguka?

Yaya Furaha: Hapana, yote hapana.

Murhula: Na mazoezi, uliongeza kitu?

Yaya Furaha: Niliongeza njia ya Panzi, ile ya kushuka. Na siku pia, kidogo 🙈

Murhula: Njo hiyo. Ukishuka, musuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya freni, na pia ya goti inasukumwa kwa nguvu kwenye mufupa wa paja. Na huku kwetu Bukavu, kwenye vilima, utashuka tu, upende usipende. Umeongeza haraka kuliko paja lilivyozoea.

Mama Nsimire: Si nilisema aache?

Murhula: Hapana Mama. Akilala wiki tatu, paja litalegea, na siku akirudia maumivu yatarudia pia. Apunguze tu. Panzi iache kwanza, kimbia pa tambarare, hatua fupi fupi. Toka 0 mpaka 10, maumivu yakibaki 3 ao chini, endelea. Lakini kesho asubuhi goti liwe limerudi vile lilivyokuwa. Kama bado linalalamika, ulizidisha.

Yaya Furaha: Na hilo paja nalitia nguvu aje?

Murhula: Lala chali, kunja goti moja, muguu wa pili unyooshe kabisa, uinue, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudia, mafungu 3. Kisha lala ubavu, inua muguu wa juu, hiyo ni ya nyonga. Watu wanaisahau, na nyonga ikiwa legevu goti linaingia ndani ukikimbia. Usitazamie mwujiza jumapili, hii inaomba wiki nyingi.

Yaya Furaha: Nina ibuprofeni hapa nyumbani.

Tantine Chantal: Pole pole na hiyo. Usimeze na tumbo tupu, na mutu wa vidonda vya tumbo, figo ao tansyo (damu kupanda) aulize kwanza. Mama Nsimire, hapo ninasema wewe! Na Furaha, usimeze ndipo utoke kukimbia, itakuficha maumivu tu. Barafu ni bora, ndani ya kitambaa, dakika 15. Likivimba, likikwama, ao likiwa jekundu na homa, hapo ni hospitali, si kikundi.

Papa Deo: Mimi niko na wazo. Apande Kadutu na muguu, ashuke na moto, pikipiki ya kulipa.

Murhula: 😂😂 Papa Deo, sikia, hiyo ni kweli kabisa! Kupanda kunamupa mazoezi, na goti halifanyi freni.

Yaya Furaha: Motari wataniona vipi? Nimevaa nguo ya mazoezi, jasho tele, nalipa moto nishuke?

Papa Deo: Pesa haina jasho.

Tantine Chantal: Papa Deo!!

Yaya Furaha: Aksanti bote. Nitajaribu jumamosi. Murhula, upite kesho kuona kama ninainua muguu vizuri.

Murhula: Nitapita jioni. Kuna sombe, majani ya muhogo?

Mama Nsimire: Iko. Na huyo motari avae kofia, na akupatie na wewe.