Kibuyu kiko wazi juu ya mnazi, hewa inakosekanaje?

Mtoto wa Mgema
Hamjambo wana jukwaa. Nafundisha biolojia sekondari huku Kilifi, na baba yangu ni mgema. Tembo analoshusha asubuhi ni tamu kama maji ya miwa. Ukiliacha hadi alasiri limeshachacha, povu limejaa mdomoni mwa kibuyu.

Wiki jana nilifundisha upumuaji wa seli. Glukosi moja ikichomwa kwa oksijeni hutoa ATP (chembe zinazobeba nishati ya seli) kama 30 (vitabu vya zamani vinasema 38), ikichachushwa hutoa 2 tu. Nikaeleza kwamba hamira, kuvu wa seli moja wanaogeuza sukari ya tembo kuwa pombe, huchachusha inapokosa hewa. Msichana mmoja, ambaye kwao wanauza mnazi, akanyosha mkono: "Mwalimu, kibuyu kiko wazi kule juu na upepo wote ule. Hewa inakosekanaje?" Nikamwahidi jibu Jumatatu. Tangu hapo nimesoma kwamba hata penye hewa tele, hamira ikikuta sukari nyingi huchachusha vilevile. Kwa nini kiumbe kitupe chakula chake namna hiyo?

Hesabu za Uhai
Mwalimu, mpe huyo binti pongezi zangu. Ndani ya kibuyu oksijeni hupungua upesi, hilo ni kweli. Lakini hata ukipuliza hewa mchana kutwa, kwenye sukari nyingi hamira itachachusha tu.

Mimi nilisomea hisabati, na kilichonivuta kwenye biolojia ni hesabu ya wanyama wanaogombana. Mwaka 1973 John Maynard Smith, ambaye kabla ya kusomea wanyama alikuwa mhandisi wa ndege, aliandika na George Price katika jarida la Nature: mbona wanyama wenye pembe na meno mara nyingi hutishana tu, wasiuane? Mfano uliokuja kujulikana zaidi ni wa Mwewe na Njiwa. Mwewe hupigana hadi mwisho, Njiwa hutisha kisha huondoka. Tuseme chakula kina thamani ya 10 na jeraha hugharimu 40. Penye Njiwa watupu, Mwewe mmoja anakula bure. Mwewe wakizidi, wanaumizana wenyewe kwa wenyewe. Hesabu hutulia Mwewe wakiwa robo, yaani 10 kwa 40. Faida ya tabia yako inategemea majirani zako wanafanya nini.

Mwaka 2001 Thomas Pfeiffer, Stefan Schuster na Sebastian Bonhoeffer waliingiza fikra hiyo ndani ya seli, katika jarida la Science. Kuchoma kwa oksijeni kuna tija ila ni polepole, kuchachusha kuna hasara ila ni haraka. Chukua namba zangu za mfano. Seli tunzaji, inayochoma kwa oksijeni, inakula glukosi 1 kwa dakika, inapata ATP 30. Seli yenye pupa, inayochachusha, inakula 20, inapata 40. Kibuyu kina glukosi 100. Wakiwa watunzaji watupu, watavuna ATP 3000. Wakiwa wenye pupa watupu, 200. Ila wachanganye: mwenye pupa anapata 40 kila dakika, mwenzake 30, na sukari ikiisha imewaishia wote wawili. Alichobakiza mtunzaji kinaliwa na jirani.

Seli zikishikamana, kila kundi na chakula chake, mtunzaji anaweza kushinda. Waandishi hao waliona huenda hilo lilisaidia kuzaliwa kwa viumbe vya seli nyingi, sisi tukiwamo. Nimeirudia hesabu hii miaka mingi na bado inanisisimua. Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani huchachusha sukari hata penye oksijeni, kama vile zimerudia maisha ya kibuyuni.

Zamu ya Usiku
Nilifanya kazi kiwanda cha hamira. Molasi tulikuwa tunaidondosha kidogo kidogo, hewa inapulizwa kutoka chini ya tangi usiku kucha. Usiku mmoja vali ilipitisha molasi kupita kiasi. Hewa ilikuwa ileile, lakini haukupita muda harufu ya pombe ikatupiga usoni, na asubuhi hamira tuliyovuna ilikuwa pungufu. Sikuwahi kuelezwa sababu mpaka leo.

Nyanya Chungu
Hesabu nzuri, ila msiishie hapo. Mitambo ya kuchoma kwa oksijeni ni protini nyingi, na seli inazilipia. Anayekua mbio anaweza kuona nafuu kuchachusha hata akiwa peke yake. Pia pombe inawadhoofisha bakteria, kisha hamira huirudia na kuila kama hewa ipo.

Hesabu za Uhai
Kweli kabisa, na sababu hizo hazigombani. Gharama ya protini inaeleza kwa nini njia moja ni ya haraka, mashindano na majirani yanaeleza kwa nini haraka inalipa.

Mtoto wa Mgema
Ahsanteni sana. Jumatatu naweka bakuli la kunde katikati ya kila meza. Wawili wachote kwa vidole, wawili kwa kijiko, kila kunde ya vidole ihesabiwe 15 na ya kijiko 1. Kisha nitaipa kila meza bakuli nne ndogo, kila mmoja na lake, tuhesabu upya. Yule binti ndiye atakayeandika ubaoni.