Fundi kanipigia Windows 11 kwa akaunti yake, sasa picha za wanangu ziko kwake!

Wakuu, heshima mbele. Mimi huwa nasoma na kupita zangu, ila leo nina povu na litamwagika humu humu. Mods naomba msiuhamishe uzi.

Jana usiku binti yangu wa darasa la sita aliniita: "Baba, hii harusi ya nani?" Nikaenda kuchungulia. Kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, katikati ya kazi zake za shule, kuna faili limeandikwa MICHANGO YA SEND OFF. Majina, namba za simu, nani kaahidi laki mbili, nani katoa elfu hamsini na bado anadaiwa. Simjui hata mmoja. Chini yake kuna wasifu wa kijana anayetafuta kazi ya udereva, halafu picha ya kitambulisho cha NIDA cha mama mmoja mtu mzima, mbele na nyuma. Nikabonyeza kile kiwingu cha OneDrive, ghala la mafaili la Microsoft mtandaoni, pale chini kulia nione ni akaunti ya nani. Ya fundi.

Ngoja nirudi nyuma kabla hamjaanza kunicheka.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3, ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8. Hapa nyumbani mama watoto anawekea hesabu za duka kwenye Excel, watoto wanafanyia kazi za shule, mimi naangalizia mechi. Basi. Ilikuwa na Windows 10 na haikuwa na shida yoyote. Kilichonipeleka kwa fundi ni ule ujumbe kwamba Windows 10 mwisho wake ni Oktoba 14, 2025. Nikaingiwa na hofu, naye akaikoleza: "Hiyo kumi imekufa mkuu, siku yoyote mashine itakuzimikia." Nikatoa elfu 30, kesho yake nikaifuata ikiwa na 11.

Windows 10 haizimiki, jamani! Inawaka kama kawaida, kilichokatika ni masasisho ya usalama. Na hata hayo Microsoft wameyaongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026: unajiandikisha kwenye mipangilio kwa akaunti yako, bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, au unalipa dola 30. Fundi hakulisema hilo. Labda hakulijua, sijui lipi ni baya zaidi.

Halafu 11 kwa utaratibu wake inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Yangu ni ya 6. Jamaa ana flashi yake inayoruka ule ukaguzi, anaichomeka kwa kila anayekuja. Na Microsoft wanasema wazi kuwa mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo nimetolewa kwenye mfumo ulioishiwa masasisho, nikapelekwa kwenye mfumo ambao masasisho yake ni bahati nasibu, na hela nimelipa mimi.

Akapachika na kile kiprogramu cha kuamsha leseni ya wizi. Nimefungua kinga ya virusi, nakuta kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa imewekwa C nzima, yaani diski yenye Windows na mafaili yetu. C nzima! Mlinzi kaambiwa afumbe macho. Na mashine yenyewe ina leseni yake halali ya Windows Pro, iko kwenye ubao mama tangu ilipotoka kiwandani. Nimekuja kuipiga upya mwenyewe, leseni imejitambua bila kuulizwa chochote.

Sasa hili la akaunti. Windows 11 ukiipiga upya inakulazimisha uwe na intaneti na uingie kwa akaunti. Angenipigia simu ningempa ya kwangu. Yeye kaweka yake, na inaonekana anaweka hiyo hiyo kwa kila mteja. OneDrive nayo imewashwa, inabeba kila kitu cha Documents na Pictures inakipeleka juu. Ndiyo maana bando la GB 10 lilikuwa linaisha siku tatu nikawa nawafokea watoto bure. Picha za wanangu, hesabu za duka, vyote vimemwagwa chungu kimoja na NIDA za watu. Nikifuta huku zinafutika na kule, lakini zinakaa kwenye pipa la taka siku 30, na funguo za hilo pipa anazo yeye.

Na nyie watu wa Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, nawaona mnavyosogeza viti. Nimejaribu. Nimewasha Mint, moja ya hizo Linux, kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, Wi-Fi imeshika, sauti ipo, mashine nyepesi kama karatasi. Watoto wamefurahi. Kisha nikafungua daftari la duka kwenye LibreOffice, inayoshika nafasi ya Excel huko: namba zipo, ila kile kitufe cha kufunga hesabu za siku, ambacho mama watoto alitengenezewa na mpwa wake kwa makro (amri za Excel zinazojiendesha), unabonyeza hakijibu. Mama watoto akaniangalia. "Baba Neema, mimi nataka daftari langu la duka. Hayo mengine chezeni na wanao." Kikao kikaishia hapo. Tumerudi Windows 10, kwa akaunti yetu, nimejiandikisha yale masasisho ya nyongeza, na hadi Oktoba nitakuwa nimejikusanya ninunue EliteBook 840 G5, ile yenye prosesa ya kizazi cha 8. Swali la "hii mnaitumia kwa kazi gani?" lingetufikisha hapa kwa dakika tano. Fundi hakuuliza. Ninyi humu mwaka jana nilipoomba ushauri hamkuuliza pia, mlianza kutukanana Windows na Linux hadi uzi ukafungwa.

Leo asubuhi nimempigia. Hana hata aibu: "Sasa mkuu, si mngesema mapema kama mnataka akaunti yenu?" Nikamwambia afute kila kitu changu na aisafishe na pipa. Akasema sawa. Kisha akashusha sauti: "Halafu mkuu, kuna mteja wangu analia faili lake la michango limepotea tangu jana usiku, na sherehe ni Jumamosi. Hamjaligusa huko?"

Nikamgeukia binti yangu. "Si ulisema ni uchafu wa watu, baba?"