Naombeni ushauri: idara zimegoma kuhamishia mifumo yao kwenye seva pepe

Fundi_Raki
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye taasisi moja hapa Dar. Chumba chetu kina seva 14, kila idara na yake, na mbili kati ya hizo zililetwa na mradi wa wafadhili uliokwisha zamani. Nimezifuatilia: nyingi prosesa haivuki asilimia 10, lakini zinawaka usiku na mchana, na AC mbili zinahangaika na joto lake. Moja imebandikwa karatasi: "USIZIME, MISHAHARA".

Nimependekeza tununue mashine tatu zenye nguvu, mifumo yote iingie humo kama seva pepe, yaani seva za kiprogramu, kadhaa ndani ya mashine moja. Kitaalamu inawezekana. Shida ni watu. Mhasibu mkuu anasema seva ile ilitoka kwenye bajeti yake, haichanganywi na za wengine. Menejimenti wanauliza fedha itarudi lini, na bili ya umeme Utawala wanailipa kwa jengo zima, kwa hiyo hakuna anayejua chumba kile kinakula kiasi gani. Nifanyeje wakubali? Sipendi iwe amri ya waraka.

mama_data
Anzia kwenye bili. Mwambie fundi umeme afunge mita ndogo kwenye laini ya chumba, usome mwezi mzima. Seva inayovuta wati 200 saa zote inakula yuniti 4.8 kwa siku, zaidi ya 1,750 kwa mwaka, na hapo AC bado. Seva isiyo na kazi haipumziki kwenye umeme, mara nyingi inavuta nusu ya ule inaovuta ikielemewa. Vipimo hivyo vipeleke Utawala, maana anayelipa ndiye mwenye uchungu.

Kisiki
Mimi namtetea mhasibu. Leo seva ikifa, unalala mfumo mmoja. Kesho mashine moja ikifa, inalala mitano kwa mpigo, na mshahara ukichelewa atakayeulizwa ni yeye. Hakikisha mashine mbili zikibaki zinabeba mzigo wote, na bakapu isikae humo humo. Halafu mwandikie makubaliano: nani anaingia kwenye mfumo wake, nani haruhusiwi kugusa data, ukianguka utarudi ndani ya muda gani. Akiona mamlaka yake hayajaguswa atalegea.

Leseni_Kwanza
Mkuu, usinunue chochote kabla ya kupiga hesabu ya leseni. Kampuni ya Broadcom walipoinunua VMware, wenye programu za kuendesha seva pepe, mwaka 2023 waliacha kuuza leseni za kudumu, sasa unalipia kwa muda. Proxmox, ya kazi hiyo hiyo, ni huria, inatumia KVM, kiini cha kuendesha seva pepe ambacho kimo ndani ya Linux tangu 2007. Na kama kuna hifadhidata ya Oracle, soma mkataba neno kwa neno: wanaweza kudai leseni ya kori (viini vya prosesa) zote za mashine hata kama seva pepe yako inatumia mbili tu. Hapo akiba yote ya umeme inaweza kumezwa.

Fundi_Raki
Asanteni sana. Nianze na mfumo upi?

mama_data
Zile mbili za mradi, hazina wa kukugombeza. Mishahara iwe ya mwisho. Na ukishahamisha, seva ya zamani izimwe na itolewe kwenye raki kwa tarehe iliyoandikwa. Nimeona ofisi zimehamisha kila kitu, ya zamani ikaachwa inawaka "kwa tahadhari", umeme ukapanda badala ya kushuka. Seva pepe nazo ni rahisi kuzaliana, kila moja iwe na mwenyewe na tarehe ya kufutwa.

Fundi_Raki
Nimeongea na fundi wa jengo, anasema chumba kina laini yake kwenye bodi. Mita moja inatosha au AC niipe ya kwake?

mama_data
Funga mbili. Seva zikipungua, mita ya AC nayo itashuka, na Utawala wataiona wenyewe.