Naomba ushauri: Mirror's Edge ninunue ya 2008 au Catalyst?

MtotoWaKatuba
Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Nimeweka akiba ya mchezo mmoja tu, na moyo umeangukia Mirror's Edge, ule wa kukimbia juu ya mapaa kwa macho ya mhusika wake mkuu, Faith. Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM 4 GB. Halafu michezo ya namna hii hunipa kizunguzungu. Nichukue ule wa kwanza wa 2008, au Catalyst iliyoufuata 2016, au niache kabisa?

YayaRuashi
Mdogo wangu, kwa RAM hiyo Catalyst sahau, inadai 6 GB. Chukua wa kwanza, na usisite. Sijaona mchezo mwingine unaokupa mwili kama huu. Ukitazama chini unaona miguu yako. Ukikimbia unasikia pumzi zikipanda, na mikono inapita mbele ya macho. Ukiruka kutoka juu, bonyeza kitufe cha vitendo vya chini (Shift) kabla tu ya kutua: Faith anajiviringisha, anainuka na mbio zake zilezile. Ukichelewa, anatua kwa kishindo na kasi yote inakufa. Utamu wote uko hapo, kutunza mwendo usikatike.

Kuhusu kizunguzungu, watengenezaji wake, DICE, waliweka kitone kidogo katikati ya skrini ili jicho lipate pa kushika. Usikizime. Mabomba na milango ya kupitia hugeuka nyekundu kukuonyesha njia. Ukizoea, hiyo unaweza kuizima, mchezo unakuwa mtamu zaidi.

FundiKamalondo
Yaya, mweleze na uchungu wake. Mapigano ni mabovu. Polisi wakikuzingira ndani ya jengo, pasipo nafasi ya kukimbia, unakufa, unarudi, unakufa tena palepale. Kumpokonya askari bunduki lazima ubonyeze wakati silaha yake inapowaka nyekundu, na muda wenyewe ni kufumba na kufumbua. Hadithi ya Faith kumwokoa dada yake Kate nayo ni nyepesi, tena ni fupi: saa sita hivi umemaliza. Kwa mtu mwenye pesa ya mchezo mmoja, hilo ni jambo kubwa.

YayaRuashi
Kwenye mapigano sikupingi, yananiudhi hata mimi. Lakini mchezo unaweza kuumaliza bila kumpiga mtu risasi hata mmoja, mara nyingi njia ya kutoroka ipo. Na ufupi si hasara, maana kuna mashindano ya muda: unarudia njia ileile ukitafuta pa kupunguza sekunde moja. Mimi nilizama humo kuliko kwenye hadithi.

FundiKamalondo
Sawa. Basi nyongeza ya ufundi: kama kadi yako ya picha si Nvidia, ingia kwenye mipangilio uzime PhysX mapema, yaani programu ya Nvidia ya kuigiza vitu vinavyovunjika na kupeperuka. Ukiiacha, risasi zikianza kuvunja vioo vya madirisha picha inaganda. Umeme ukikatika usiogope, mchezo unajihifadhi wenyewe kila ukifika kituo.

MtotoWaKatuba
Asanteni sana, nachukua wa 2008. Kibodi itatosha, au nitafute maneti, kidhibiti cha kushika mikononi?

YayaRuashi
Kibodi na kipanya vinatosha. Space ni vitendo vya juu kama kuruka, Shift ni vya chini, Q ni kugeuka nyuma. Anza na zoezi hili: panda ukuta kwa mbio, Q, halafu Space mara moja, urukie upande wa pili.