Kusadikika kwa ajili ya mtihani: kitabu chenyewe au mwongozo?

Mwanagenzi: Ndugu zangu, salamu. Ninajiandaa kwa mtihani wa fasihi na riwaya niliyoichagua ni Kusadikika ya Shaaban Robert. Fedha yangu inatosha kununua kimoja tu, kitabu chenyewe au mwongozo wake. Kipi kitanifaa zaidi?

Binti Mwalimu: Hujasema mtihani ni wa ngazi gani, umebakiwa na muda gani, wala kama una mwalimu. Tutakushauri vipi?

Mzee Kanzu: Nunua kitabu, mwanangu. Ni chembamba, na istiari yake haikubali kufupishwa. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Mwongozo utakuambia kwamba dhamira ni ukosefu wa haki, lakini hautakuonyesha jinsi kila kisa kinavyoibana serikali mbele ya mfalme wake.

Shangazi wa Bandarini: Mimi yalinikuta. Nilisoma mwongozo peke yake, tena fotokopi iliyofifia, nikakariri kwamba Majivuno ndiye mtetezi, kumbe ni waziri na ndiye mshtaki. Swali likataka tujadili uhusiano wa majina na tabia za wahusika. Nikajaza kurasa mbili nikieleza kwamba jina hilo ni kinaya. Tulipotoka, mwenzangu akaniuliza nimeandika nini kuhusu Karama, nikaishiwa nguvu miguuni.

Msomi wa Kale: Lililo muhimu ni kutambua kwamba Kusadikika, nchi ya kubuni inayosimuliwa humo, ni Tanganyika ya Mwingereza. Kitabu kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Uhuru.

Mzee Kanzu: Hapo unaibana mno. Mwandishi aliyewahi kuwa karani wa serikali ya kikoloni aliiweka nchi yake angani ili kila mtawala ajione humo.

Binti Mwalimu: Msimamo wowote kati ya hiyo miwili unakubalika, mradi mtahiniwa autetee kwa dondoo, na dondoo zimo kitabuni.

Mwanagenzi: Niwieni radhi. Ni kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea, wiki tisa, sina mwalimu.

Shangazi wa Bandarini: Basi azima kitabu maktaba, fedha ununulie mwongozo, ila usiuamini kabla ya kuulinganisha na kitabu.

Msomi wa Kale: Mzee wangu, bado hujanijibu. Mwishoni wafungwa wanafunguliwa lakini mfalme anabaki kitini. Hayo utayaita mabadiliko ya utawala, au ni msamaha wa mtawala yule yule?